Tahajia ya Kiingereza: Kanuni zipo, lakini sikio pekee halitoshi

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

MWANAFUNZI anayehitimu elimu ya msingi katika shule ya umma nchini huwa amejifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo yaleyale huanza kufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ukiacha masomo machache kama Kiswahili chenyewe, hujibiwa kwa lugha hiyo.

Badiliko hilo huwakuta vijana mijini na vijijini, na huwakuta pia Kifungilo, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, kwenye shule ya sekondari ya wasichana ya bweni inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Huko, kama ilivyo kwingineko, kazi ya kwanza ya mwanafunzi mgeni si kuelewa somo pekee, bali pia kuliandika.

Msichana anaweza kuelewa vyema jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini akasita kalamu ikiwa mkononi kwa kuwa hajui kama neno analolitaka linaanza kwa 'f' au kwa 'ph'. Baada ya kukosea imla mara kadhaa, wengi huamua kwamba tahajia ya Kiingereza haina kanuni yoyote, na kwamba dawa yake ni kukariri neno moja baada ya jingine.

Uamuzi huo si sahihi. Kanuni zipo, na maneno yanayozikiuka yana sababu zake. Jambo la kwanza la kushika ni hili: Kiswahili huandika sauti, lakini Kiingereza huandika sauti pamoja na historia ya neno. Aliyezoea kuliamini sikio lake hana budi kujifunza kuliamini jicho pia.

'Shule', 'skuli' na 'school'

Tofauti ya lugha hizi mbili inaonekana katika neno moja ambalo kila mwanafunzi analifahamu. Tanzania Bara husema 'shule', neno lililotokana na Kijerumani 'Schule' wakati wa utawala wa Wajerumani. Zanzibar husema 'skuli', lililotokana na Kiingereza 'school'. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kwa njia moja: kilisikiliza, kikaandika kilichosikika, kikaacha herufi zisizokuwa na kazi.

Kiingereza hakikufanya hivyo. Zamani Waingereza waliandika neno hilo 'scole'. Baadaye wasomi waliokuwa na mapenzi na Kilatini waliingiza herufi 'h' ili neno lifanane na 'schola' la Kilatini. Herufi hiyo haikubadili matamshi. Iliwekwa ili kuonyesha asili.

Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini ilipangwa kwa makusudi. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyohusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo ilisimamia maandishi ya vitabu vya shule. Matokeo yake ni kwamba mtoto akishazijua silabi, anaweza kusoma kwa sauti karibu kila neno la Kiswahili, hata lile asilolijua maana.

Kiswahili nacho kina upungufu wake mdogo. Neno 'barabara' likitamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na likitamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya pili maana yake ni sawasawa, lakini maandishi ni yaleyale. Hata hivyo, mambo ya namna hiyo ni machache. Katika Kiingereza ni mengi, na yana historia ndefu.

Kwa nini Kiingereza kikawa hivi

Sababu ya kwanza ni uchache wa herufi. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika. Kiingereza kinatumia herufi 26 kuandika sauti zipatazo 44, na kati ya hizo karibu 20 ni irabu. Herufi moja hulazimika kufanya kazi nyingi, na sauti moja huandikwa kwa njia kadhaa.

Sababu ya pili ni mchanganyiko wa lugha. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa walianza kuandika Kiingereza kwa desturi zao. Neno la malkia lililokuwa likiandikwa 'cwen' likawa 'queen'. Baadaye yakaingia maneno mengi ya Kilatini na Kigiriki, kila moja likiwa na mavazi yake ya nyumbani.

Sababu ya tatu ni kwamba matamshi yalibadilika wakati maandishi yamekwisha kushika mizizi. William Caxton alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu huko Westminster mwaka 1476. Katika kipindi hichohicho, kuanzia takriban mwaka 1400 hadi 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zikihama kutoka mahali pake. Vitabu vikaendelea kuchapwa kwa tahajia ya zamani huku vinywa vikisema jambo jipya.

Hapa kuna habari ya kumtia moyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Anapoliona neno 'name' akalisoma 'na-me', kama lilivyoandikwa, darasa hucheka. Lakini Mwingereza wa karne ya 14 angemwelewa, kwa sababu wakati huo neno hilo lilitamkwa karibu hivyo. Vivyo hivyo, 'k' ya neno 'knight' ilitamkwa, na 'gh' yake ilisikika karibu na 'kh' ya 'kheri'.

Milima ya Usambara ina mfano unaofanana na huo. Mwaka 1911, Karl Roehl alichapisha sarufi ya lugha ya wenyeji wa milima hii, akaiita 'Schambala', kwa 'l' kabla ya irabu ya mwisho. Leo wenyewe husema 'Shambaa', na 'l' haisikiki. Lau tahajia ile ingegandishwa, watoto wa Lushoto wangekuwa wakiandika hadi leo herufi isiyotamkwa, na walimu wao wangekuwa wakiwaambia waikariri. Hali hiyo ndiyo iliyoyapata maneno ya Kiingereza kama 'knee', 'write' na 'lamb'.

Kanuni ya kwanza: 'e' ya mwisho isiyotamkwa

Herufi 'e' inayokuja mwisho wa neno baada ya konsonanti moja kwa kawaida haitamkwi, lakini ina kazi. Huifanya irabu iliyotangulia itamkwe kama jina lake katika alfabeti ya Kiingereza. 'Hat' ni kofia, 'hate' ni kuchukia. 'Pin' ni pini, 'pine' ni msonobari. 'Hop' ni kurukaruka kwa mguu mmoja, 'hope' ni kutumaini.

Yanayokiuka kanuni hii ni maneno ya kila siku: 'have', 'give', 'love', 'come', 'some', 'done', 'gone' na 'one'. Matatu ya kwanza yana maelezo rahisi. Kwa desturi, neno la Kiingereza haliishii kwa 'v', hivyo 'e' huwekwa ili kuifunika 'v' tu.

Maneno kama 'love', 'come' na 'son' yaliandikwa zamani kwa 'u'. Katika mwandiko wa kale, 'u' ikisimama karibu na 'm', 'n' au 'v' ilionekana kama safu ya vijiti visivyotofautiana. Waandishi wakaweka 'o' ili kumrahisishia msomaji, na 'o' hiyo imebaki hadi leo.

Kanuni ya pili: kuandika konsonanti mara mbili

Kitenzi chenye silabi moja, irabu moja na konsonanti moja ya mwisho huandikwa kwa konsonanti mbili kinapoongezwa kiambishi kinachoanza na irabu: 'run' huwa 'running', 'stop' huwa 'stopped'. Kitenzi chenye 'e' ya mwisho huidondosha 'e' hiyo bila kuongeza konsonanti: 'hope' huwa 'hoping'.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtahiniwa anayekusudia kuandika kwamba anatumaini kufaulu, akaweka 'hopping' badala ya 'hoping', ameandika kwamba anarukaruka kwa mguu mmoja.

Kwa maneno yenye silabi mbili au zaidi, mwamuzi ni mkazo. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, konsonanti huandikwa mara mbili: 'begin' na 'beginning', 'occur' na 'occurred'. Mkazo ukiwa mapema, konsonanti hubaki moja: 'open' na 'opening', 'visit' na 'visited'.

Hapo ndipo msemaji wa Kiswahili anapopata taabu. Katika Kiswahili, mkazo hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakuna anayeufikiria. Akilitamka 'begin' kwa mkazo wa Kiswahili, kanuni haitamsaidia. Ni lazima ajifunze neno pamoja na mkazo wake.

Yasiyofuata kanuni hii katika tahajia ya Uingereza ni maneno yanayoishia kwa 'l', kama 'travelling' na 'cancelled', pamoja na 'worshipped' na 'kidnapped'. Herufi 'w', 'x' na 'y' hazirudufiwi kabisa: 'showing', 'fixing', 'played'.

Kanuni ya tatu: kudondosha 'e'

Neno linaloishia kwa 'e' huidondosha mbele ya kiambishi kinachoanza na irabu, kama 'make' na 'making', na huibakiza mbele ya konsonanti, kama 'hopeful' na 'careless'. Maneno yanayokiuka ni 'truly', 'duly', 'argument', 'ninth' na 'wholly', ambayo yamepoteza 'e' pasipo kutarajiwa.

Upande wa pili, 'noticeable', 'changeable' na 'courageous' huibakiza 'e' ili kulinda sauti laini ya 'c' au 'g'. Aidha, 'dyeing', yaani kutia nguo rangi, huibakiza 'e' ili lisichanganywe na 'dying', yaani kufa.

Kanuni ya nne: 'y' kugeuka 'i'

Herufi 'y' ikitanguliwa na konsonanti hugeuka kuwa 'i' neno linapoongezwa kiambishi: 'city' na 'cities', 'carry' na 'carried', 'happy' na 'happiness'. Haigeuki ikitanguliwa na irabu, kama katika 'boys' na 'played'. Haigeuki pia mbele ya '-ing', kwa kuwa Kiingereza hukwepa kuandika 'i' mbili mfululizo; hivyo ni 'carrying' na 'studying'.

Yanayokiuka ni machache lakini hutumika sana: 'say' huwa 'said', 'pay' huwa 'paid', na 'lay' huwa 'laid'. Maneno 'dryness' na 'shyness' huibakiza 'y' yao.

Kanuni ya tano: 'i' kabla ya 'e'

Hii ndiyo kanuni iliyokaririwa kuliko zote: 'i' hutangulia 'e', isipokuwa baada ya 'c'. Huandikwa 'believe', 'field' na 'piece', lakini 'receive', 'ceiling' na 'deceive'.

Tatizo ni kwamba maneno yanayoikiuka ni mengi. Yapo 'seize', 'weird', 'protein', 'foreign', 'height' na 'neighbour', ambayo hutanguliza 'e' bila kuwapo 'c'. Yapo pia 'science', 'species' na 'ancient', ambayo hutanguliza 'i' baada ya 'c'. Mwaka 2009, mwongozo wa serikali kwa walimu wa shule za msingi nchini Uingereza ulieleza kwamba kanuni hiyo haistahili kufundishwa kwa sababu inafaa kwa maneno machache mno.

Pamoja na hayo, kanuni hii bado ina msaada ikipewa mpaka. Itumike pale tu sauti inayosikika ni ya 'i' ndefu, kama ya neno 'see'. Kwa mpaka huo, 'foreign', 'height', 'neighbour' na 'ancient' hutoka nje ya kanuni, na yanayobaki kukaririwa ni machache, yakiwemo 'seize', 'weird', 'protein', 'caffeine' na 'species'.

Kanuni ya sita: 'c' na 'g' zenye sauti mbili

Kiswahili sanifu hakitumii 'c' peke yake. Huitumia pamoja na 'h' tu. Katika Kiingereza, 'c' hutamkwa kama 's' mbele ya 'e', 'i' na 'y', kama katika 'cent', 'city' na 'cycle', na kama 'k' mahali pengine, kama katika 'cat', 'cot' na 'cut'. Kwa sababu hiyo, anayetaka sauti ya 'k' mbele ya 'e' au 'i' hulazimika kuandika 'k': 'keep', 'kind'.

Herufi 'g' hufuata njia hiyo, kwa mfano katika 'gem' na 'giant' dhidi ya 'game' na 'go'. Wakaidi wake ni 'get', 'give', 'girl' na 'gift'. Katika 'guess', 'guide' na 'guitar', herufi 'u' haitamkwi. Huwekwa kama ukuta kati ya 'g' na irabu inayofuata ili 'g' isilainike.

Herufi 'q', ambayo Kiswahili hakina, karibu siku zote hufuatwa na 'u'. Yasiyofuata ni majina ya nchi kama Iraq na Qatar.

Kanuni ya saba: wingi wa majina

Majina mengi huongezwa 's'. Yanayoishia kwa 's', 'x', 'z', 'sh' au 'ch' huongezwa 'es': 'buses', 'boxes', 'churches'. Lakini 'stomach' huwa 'stomachs', kwa kuwa 'ch' yake hutamkwa kama 'k'.

Mazao ya Lushoto yanayoteremshwa kupitia Soni na Mombo kwenda masoko ya mijini yanatosha kuwa somo. Viazi na nyanya ni 'potatoes' na 'tomatoes', kwa 'es'. Lakini kilo za kupimia ni 'kilos', kwa 's' pekee, kama ilivyo 'photos', 'radios', 'videos' na 'pianos'. Mengi ya maneno yaliyofupishwa, au yaliyoingia katika Kiingereza karibuni, huchukua 's' tu. Kabichi ni 'cabbages', kwa 'b' mbili na 'g' inayolindwa na 'e'. Peasi ni 'pears', neno linalosikika sawa kabisa na 'pairs', yaani jozi.

Majina yanayoishia kwa 'f' au 'fe' mara nyingi hubadili 'f' kuwa 'v': 'leaf' na 'leaves', 'knife' na 'knives'. Hayabadiliki 'roofs', 'chiefs', 'proofs' na 'beliefs'.

Herufi zilizopandikizwa na kundi la 'ough'

Herufi nyingine zisizotamkwa hazikuwahi kutamkwa katika Kiingereza. Herufi 'b' katika 'debt' na 'doubt' ilipandikizwa na wasomi ili kukumbusha asili ya Kilatini. Herufi 's' katika 'island' ilipandikizwa kwa kudhani kwamba neno hilo ni ndugu wa 'isle', na sivyo.

Kundi la 'ough' ndilo linalowashinda wengi. Katika 'though' husikika kama 'o', katika 'through' kama 'u', katika 'thought' kama 'o' ndefu, katika 'tough' kama 'af', katika 'cough' kama 'of', na katika 'plough' kama 'au'. Kwa maneno haya hakuna kanuni itakayomwokoa mwanafunzi. Ni heri ayaandike yote sita katika ukurasa mmoja na kuyazoea kwa macho.

Maneno ya sayansi yana utaratibu wake

Habari njema kwa wanaosoma sayansi ni kwamba maneno marefu ya Biolojia na Kemia yana utaratibu kuliko maneno mafupi ya nyumbani. Mengi yametoka Kigiriki, na hufuata desturi chache tu. Sauti ya 'f' huandikwa 'ph', sauti ya 'k' mara nyingi huandikwa 'ch', na 'y' hutumika katikati ya neno mahali pa 'i'.

Kiswahili husema klorofili, Kiingereza huandika 'chlorophyll'. Kiswahili husema nimonia na saikolojia, Kiingereza huandika 'pneumonia' na 'psychology', vikiwa na 'p' isiyosikika. Usanisinuru ni 'photosynthesis'. Neno hilo lina sehemu mbili: 'photo', yaani mwanga, na 'synthesis', yaani kuunganisha. Mwanafunzi akizijua sehemu hizo, hakariri tena herufi 14. Anaunganisha vipande viwili anavyovifahamu, na vipande hivyo atakutana navyo tena katika 'photograph' na 'synthetic'.

Ukoo wa maneno husaidia pia kukumbuka herufi zisizotamkwa. Herufi 'g' ya 'sign' haisikiki, lakini husikika katika 'signature'. Herufi 'c' ya 'muscle' hutamkwa katika 'muscular', na 'b' ya 'bomb' hujitokeza katika 'bombard'. Tahajia huhifadhi undugu ambao matamshi yameuficha.

Uingereza na Marekani

Shule za Tanzania hufuata tahajia ya Uingereza: 'colour', 'centre', 'travelling'. Noah Webster, aliyechapisha kamusi yake kubwa nchini Marekani mwaka 1828, aliimarisha huko maumbo mafupi kama 'color' na 'center'. Kompyuta na simu nyingi zimepangwa kufuata Kiingereza cha Marekani, hivyo hupiga mstari mwekundu chini ya neno sahihi la Uingereza. Dawa yake ni kubadili lugha katika mipangilio ya chombo, si kubadili neno.

Uingereza pia hutofautisha nomino na kitenzi kwa herufi moja: 'practice' na 'licence' ni nomino, 'practise' na 'license' ni vitenzi. Kwa 'advice' na 'advise', tofauti husikika hata katika matamshi, na hilo ndilo la kukumbukia mengine.

Kwa nini haijarekebishwa

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini Waingereza hawakai kitako wakairekebisha tahajia yao. Mji wa Lushoto unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Wakati wa Wajerumani mji huu uliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, na katika maandishi ya zamani jina hilo hukutwa kwa namna mbili, 'Wilhelmsthal' na 'Wilhelmstal'. Sababu ni kwamba mkutano wa tahajia uliofanyika Berlin mwaka 1901 uliiondoa 'h' katika maneno ya Kijerumani kama 'Thal', yaani bonde.

Kijerumani kilikuwa na mkutano wenye nguvu ya serikali, na Kiswahili kilikuwa na kamati. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo kinachotiiwa na wote. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliagiza mpiga chapa wa serikali atumie tahajia iliyorahisishwa ya maneno 300, lakini Bunge likapinga. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wosia wake fedha za kutunga alfabeti mpya ya Kiingereza. Alfabeti ikatungwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapwa kwa herufi hizo. Shule hazikuifuata.

Leo Kiingereza hutamkwa kwa namna nyingi, kuanzia Lagos hadi Sydney. Tahajia iliyofuata sauti ingelazimika kuamua sauti ya nani. Tahajia ya kale, pamoja na ugumu wake, husomwa na wote.

Makosa yenye mantiki

Walimu na wazazi wanapaswa kutambua kwamba makosa mengi ya tahajia kwa watoto wetu si dalili ya uvivu wala ya akili ndogo. Mtoto anayeandika 'skul', 'nolej' au 'bisi' ametumia kanuni ya Kiswahili kwa usahihi, ila katika lugha isiyoitii. Ana sikio zuri. Kinachokosekana ni maelezo ya kwamba lugha ya pili ina desturi nyingine.

Makosa mengine hutokana na irabu tano za Kiswahili. 'Live' na 'leave' husikika sawa katika sikio lililolelewa na Kiswahili, kama ilivyo 'ship' na 'sheep', au 'hat', 'hut' na 'heart'. Katika lugha kadhaa za Kibantu, 'l' na 'r' hazitofautishwi, hivyo 'collect' na 'correct' huchanganywa. Maneno haya yafundishwe yakiwa jozi, kwa maana na kwa maandishi, maana kumwambia mtoto asikilize vizuri zaidi hakutamsaidia kitu.

Namna ya kujifunza

Kwanza, mwanafunzi ajifunze kanuni pamoja na maneno yanayoikiuka kwa wakati mmoja, katika ukurasa uleule wa daftari. Anayepewa kanuni bila vikwazo vyake huona amedanganywa siku anapokutana navyo.

Pili, atazame neno, alifunike, aliandike, kisha alinganishe. Njia hii hulizoeza jicho, ilhali kutaja herufi kwa sauti pekee huzoeza kinywa tu.

Tatu, kila anapokutana na neno jipya atafute ndugu zake. Anayeandika 'sign' bila kuijua 'signature' anakariri. Anayezijua zote mbili anaelewa.

Nne, asome vitabu vingi, hata vyepesi. Jicho lililoliona neno 'believe' mara mia halihitaji kuulizwa kuhusu 'i' na 'e'.

Mwisho, mwalimu anaposahihisha somo lisilo la lugha aweke tahajia sahihi pembeni bila kumvunja moyo mwanafunzi. Aliyeandika 'fotosinthesis' na kueleza kwa ukamilifu jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua anayo maarifa. Anachodaiwa ni herufi mbili, na herufi mbili hufundishika kwa dakika chache kwa mtu aliyeelezwa zimetoka wapi.